Amana ya Kalamu: Tuliyoyapata Katika Kazi ya Uandishi wa Habari

(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya Sala ya Isha, Mwamgongo, Kigoma)

Ama baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume Wake, tumeombwa tuieleze kazi ya uandishi wa habari katika mwambao huu, nasi tumekubali, ingawa mengine tutakayoyasema yanatuaibisha wenyewe.

Wengi hudhani kwamba kila mwandishi wa gazeti ana mshahara. Sisi wa mikoani tulio wengi ni wa kujitegemea: tunalipwa kwa habari iliyochapishwa, na isiyochapishwa haina malipo. Ukipanda boti Kibirizi kuja huku, ukapita Gombe, nauli ni yako, na pengine inayashinda malipo ya habari yenyewe. Hapo ndipo mwandishi anapojaribiwa kwa mambo mawili, bahasha ya mwenye shughuli na simu. Juu ya bahasha mmekwisha kusikia mawaidha mengi. Sisi tutasema juu ya simu, kwa kuwa ndiyo iliyotuangusha.

Mwaka mmoja, katika miezi ya upepo wa kusini, boti iliyotoka Kibirizi mchana haikufika hapa. Sisi tulikuwa Kigoma mjini. Tukampigia simu mtu wa kijijini, akasema watu wanalia ufukweni. Tukampigia wa pili, kumbe naye alisikia kwa yule wa kwanza; tukajihesabia mashahidi wawili. Tukatuma habari kwamba boti imezama na kwamba nahodha, tukamtaja kwa jina, anahofiwa kufa. Huko Dar es Salaam neno "anahofiwa" likaondolewa. Asubuhi yake redio zikasoma magazeti, na kijiji kizima kikasikia.

Boti haikuzama. Nahodha alipoyaona mawimbi alikimbilia ufukwe usio na mtandao wa simu, injini ikamharibikia, akakaa huko siku tatu. Aliporejea alimkuta mkewe amekwisha kuingia eda, na wenye madai wamekwisha kuwaendea wazee. Gazeti lilisahihisha kwa mistari mitatu, ukurasa wa ndani, na mistari hiyo hakuna redio iliyoisoma.

Ijumaa iliyofuata tulijikuta naye katika safu moja. Baada ya sala akatupa mkono, akasema: "Marehemu anawasalimuni." Watu wakacheka. Sisi hatukuweza.

Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, inayotuagiza tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tuliihifadhi tangu madrasa. Siku zote tulijiweka upande wa wanaoletewa habari. Hatukuwahi kujiuliza kama yule mletaji anayetajwa humo anaweza kuwa sisi.

Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kaskazini mwetu, kipindupindu kikazuka na meli ya Liemba ikawa inawachukua kwenda Kigoma. Simu zikaanza tena: waliokufa ni makumi, hapana, ni mamia. Safari hii tulipanda boti, tukaenda kuuliza wenyewe. Tulichelewa siku nzima, na habari yetu haikuchapishwa kwa kuwa wenzetu walikwisha kututangulia. Aliyetupeleka ni nahodha yule yule, na alitutoza nauli kamili.