Tumbo la Punda Halingoji Vidole

Leo nasema juu ya kumbonyeza mnyama kwa vidole. Wachina wametibu farasi kwa sindano tangu zamani. Mwaka 1608 walikwisha kuandika hata kitabu. Kubonyeza ni njia hiyohiyo, ila ni kidole badala ya sindano.

Punda ni jamaa ya farasi. Ukimtua mzigo, mbonyeze shingo na mgongo polepole. Akishusha kichwa na kulegeza mdomo, anaona raha.

Lakini tumbo, jamani! Farasi akiumwa tumbo hugaagaa. Punda ni mvumilivu, mara nyingi husimama tu kimya, hataki kula. Wala hawezi kutapika. Hapo acha vidole, mwite Bwana Mifugo upesi.

Wangu nilimbonyeza mpaka jioni. Siku hizi maji ya nyumbani nabeba mwenyewe kichwani.