Zamu ya Maji
Leo tupande kutoka Moshi mjini hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Huko hupita mifongo, mifereji ya asili ambayo Wachaga wameichimba tangu karne zilizopita kuteremsha maji ya mlimani. Maji hugawanywa kwa zamu.

Sasa fikiri: ni usiku wa manane, zamu ni ya jirani, naye amelala. Ukipiga jembe mara mbili tu, maji yanageukia kwako. Hakuna akuonaye. Nini kinakuzuia?

Ukiogopa faini, hiyo ni sheria. Ukiyaonea huruma mahindi ya jirani yanayonyauka, hayo ndiyo maadili.

Na ukishakosea? Uchagani hupelekwa jani la isale kuomba radhi. Anayelipeleka amekwisha kukiri kosa. Msamaha huanzia hapo.