Sitini na Moja: Historia ya Mchezo wa Karata kutoka Pwani hadi Ngara na Biharamulo

Mchezo wa karata, ambao katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, huhesabiwa kuwa burudani ya kupitishia jioni tu, ni miongoni mwa kumbukumbu kongwe za mawasiliano kati ya Afrika Mashariki na mataifa ya ng'ambo, na kumbukumbu hiyo haikuwekwa katika nyaraka bali katika kanuni za mchezo wenyewe. Mhadhara huu unachunguza mchezo ambao Wazanzibari huuita wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu, na ambao ndugu yake wa bara ni albastini.

Wanahistoria wengi hukubaliana kwamba karata zilianzia China, zikaenea katika nchi za Kiislamu, kisha zikaingia Ulaya katika miaka ya 1370. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, imehifadhiwa seti ya karata za Wamamluki wa Misri zenye aina nne, ambazo ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Tawi lingine la ukoo huo lilielekea kusini-mashariki mwa Asia, ambako Wavietnamu hucheza tổ tôm kwa karata 120 za aina tatu, văn, vạn na sách, ambazo asili yake ni vipimo vya fedha vya Kichina. Mreno naye alizibeba karata zake baharini, akafika pwani ya Waswahili mwaka 1498, akaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na akaipoteza mwaka 1698 mikononi mwa Waarabu wa Omani.

Ngome ilitekwa, lakini karata zilibaki. Kopa, pau, uru na shupaza ni majina ya Kireno yaliyopata matamshi ya Kiswahili, kama lilivyo neno turufu, ambalo ni aina ya karata iliyopewa nguvu ya kuzishinda nyingine zote katika mchezo unaoendelea. Hata hivyo, ushahidi wa majina haupaswi kutegemewa peke yake, kwa kuwa maneno husafiri kirahisi na huokotwa na wasiojua yalikotoka. Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika hesabu.

Katika wahedi wa sitini, karata za nane, tisa na kumi huwekwa kando. Ree, ambayo ni karata ya moja, hubeba alama 11. Seti, yaani saba, hubeba 10. Mfalme 4, ghulamu 3 na bibi 2, huku karata ndogo zikiwa hazina alama yoyote. Kila aina hukusanya alama 30, aina nne hukusanya 120, na kwa hiyo upande unaofikisha 61 umekwisha kushinda, maana mwenzake hawezi tena kupata zaidi ya 59. Mchezaji akitupa mfalme wa pau, na mpinzani wake akaweka juu yake seti ya pau, mpinzani huyo amekula alama 14 kwa mkupuo mmoja, isipokuwa mchezaji anayefuata awe na ree ya pau, au awe ameishiwa pau na ana turufu mkononi. Hakuna sababu ya kimaumbile inayoifanya saba imshinde mfalme, wala inayomweka bibi chini ya ghulamu. Mpangilio huo ni wa kubuniwa, na ndio huohuo unaotumika mpaka leo nchini Ureno katika michezo ya bisca na sueca. Watu wawili wanaweza kufanana jina kwa bahati, lakini mfumo mzima wa alama, wenye kasoro zake na ajabu zake, haufanani hivyohivyo.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zinastahili kutazamwa kwa makini katika historia hii kwa sababu ya mahali zilipo. Barabara itokayo Isaka hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo, ikaendelea hadi Rusumo, wilayani Ngara, kwenye mpaka wa Rwanda, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka hubeba michezo ya miji walikotoka. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo katika muda wa takribani siku moja, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji mkubwa wa ghafla, mahali pengine ambapo michezo ya watu mbalimbali ingeweza kukutana. Upande wa kaskazini, Waganda wana matatu, mchezo wa kumaliza karata mkononi, usiofuata kabisa hesabu ya sitini na moja. Zaidi ya hayo, eneo hili la maziwa lilikuwa na mchezo wake wa hesabu, igisoro, wenye mashimo 32 na kete 64, idadi ileile ya bao la Kiswahili. Mchezaji aliyezoea kukumbuka kete zilizohama kutoka shimo hadi shimo hakuwa mgeni wa kukumbuka turufu ngapi zimekwisha kutoka.

Lawama kwamba karata ni uhuni inatokana na kuchanganya mchezo na kamari. Kamari ni kuwekeana dau la fedha, na inaweza kufanywa kwa mpira wa miguu kama inavyofanywa kwa karata. Wahedi wa sitini hauhitaji hata senti moja, bali unadai kumbukumbu, hesabu ya haraka na uelewano na mwenza aliyeketi mkabala bila kumwambia neno. Kuufungia nje ya utafiti wa utamaduni kwa kosa la wacheza kamari ni kuupoteza bure.

Walimu, wanafunzi wa vyuo na maafisa utamaduni wa wilaya hizi mbili wanaombwa waketi na wazee, waandike kanuni kama zinavyochezwa Rulenge, Kabanga, Nyakanazi na Biharamulo mjini, wakianza na swali moja jepesi: je, saba inamla mfalme?