Jumamosi na Jumapili Zetu Katika Mji wa London



Leo tumeombwa kusema habari za maisha yetu katika mji wa London, tulikokaa mwaka mmoja kwa ajili ya masomo ya ualimu. Twasema "sisi" kwa kuwa tulikuwa wawili, mtu na mkewe, na sote wawili ni watu wa Kabwe, kando ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Ufipa. Hatutasimulia habari za maghorofa wala maduka, maana hizo mmekwisha kuzisikia. Tutasema habari za siku mbili tu za juma, Jumamosi na Jumapili, na jinsi zilivyotufaa.

Hapo kwanza hatukutoka kabisa. Mmoja wetu alikwenda chuoni kila siku, na mwenzake alibaki chumbani peke yake. Mji ule una watu karibu milioni 9, wala hapana hata mmoja aliyebisha hodi. Huku kwetu mtu asipoonekana siku mbili, majirani huja kuuliza kama ni mgonjwa. Kule jirani hupita mlangoni ameinamisha kichwa, si kwa ubaya, bali ndiyo desturi yao. Tena ulikuwa mwezi wa Desemba, ambapo jua la London huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri.

Jumamosi moja mwanachuoni alikuwa ameketi tena mbele ya vitabu vyake. Mwenzake akasema, "Mwalimu, siku tano nimezungumza na kuta. Leo nayo nizungumze nazo? Basi afadhali unirudishe kwa mama." Hakusema kwa hasira, na kwa sababu hiyo maneno yake yalituogopesha zaidi. Tulivifunga vitabu, tukavaa makoti, tukatoka.

Tangu siku ile tuliweka sheria tatu. Ya kwanza, kila Jumamosi, na kila Jumapili baada ya ibada, tutatoka pamoja hata ikinyesha mvua. Ya pili, mahali pa kwenda tutachagua kwa zamu, na asiyechagua asinung'unike. Ya tatu, tutachukua viazi na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, tusile fedha yetu njiani. Nanyi msidhani kwamba matembezi ya London ni ya matajiri tu. Bustani za kifalme ziko wazi kwa watu wote, na nyumba kubwa za makumbusho za taifa hazitozi kiingilio cha kawaida tangu mwaka 2001.

Safari moja ilitupeleka Greenwich, mahali penye mstari ambao mwaka 1884 wajumbe wa mataifa waliuchagua kuwa mwanzo wa kuhesabu longitudo za dunia. Hapo pana njia ya miguu ipitayo chini ya mto Thames, iliyofunguliwa mwaka 1902. Urefu wake ni kama meta 370, na kuta zake ni za vigae vyeupe. Tuliposhuka ngazi na kukumbuka kwamba mto wote uko juu ya vichwa vyetu, tulishikana mikono, jambo ambalo huku Kabwe tungeona haya kulifanya mbele za watu. Tulivuka, tukacheka, tukarudi tena chini kwa chini.

Karibu na mlango wa njia ile imewekwa merikebu ya matanga iitwayo Cutty Sark, iliyoundwa mwaka 1869 kuleta chai kutoka China. Watu walipanga mstari na kulipa fedha wapate kuipanda. Sisi tuliitazama kwa nje, na mara moja tukaikumbuka Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui zao. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Tangu utoto wetu tuliona mitumbwi ikiiendea kupeleka abiria na magunia ya dagaa, wala hatukujiuliza hata siku moja ilikotoka. Babu wa mmoja wetu alikuwa mpakizi wa mizigo yake. Amekwisha kufa, na hatukumwuliza neno.

Jumapili moja tulikwenda kusali Westminster Abbey. Siku za kazi mtalii hulipa kuingia, lakini Jumapili ni ya ibada tu, na anayekuja kusali halipi. Katikati ya kanisa tuliliona jiwe la kaburi la Dakta Livingstone. Mwezi wa Oktoba 1872 mtu huyo alipita kando ya ziwa letu upande wa mashariki, akielekea kusini. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huohuo akazikwa mahali hapo tuliposimama.

Jiwe lile linasema kwamba aliletwa na mikono aminifu juu ya nchi na bahari. Mikono imetajwa, bali majina hayakuandikwa. Tukayataja sisi wenyewe kwa sauti ndogo: Susi, Chuma, Jacob Wainwright. Hao watatu tuliwajua kwa kuwa tulisoma habari zao shuleni. Wengine wengi waliochukua mzigo ule hatukuweza kuwataja. Tukamkumbuka tena babu yetu na magunia yake, tukaondoka kimya.

Tuliporudi nyumbani hatukuiacha sheria yetu. Jumamosi ya kwanza ya likizo tulikwenda Kalambo, penye maporomoko yanayoanguka zaidi ya meta 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Umri wetu ulikuwa karibu miaka arobaini, nasi hatujapata kupaona, hali tumevuka bahari kwenda kutazama merikebu ya watu. Jumamosi nyingine twakwenda kwa wazee waliofanya kazi ziwani. Mmoja wetu huuliza, mwenzake huandika: jina la mzee, kazi yake, na majina ya wenzake anaowakumbuka.

Basi, wasikilizaji, wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure. Ninyi mlio na wake na waume, tokeni pamoja siku moja katika juma, hata kama ni mpaka mtoni tu. Nanyi wanafunzi, Jumamosi hii chukueni daftari na kalamu, mwende kwa babu na bibi mkawaulize, nao wangali wanaweza kujibu.

Kwaherini.