Watumishi wa Mabehewa ya Kulala na Chama Chao
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa kusema juu ya vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Habari zake haziishi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nimechagua chama kimoja tu, cha watumishi wa mabehewa ya kulala, kwa kuwa mambo yao yanajibu swali lisikikalo katika kila chama: Je, ada yangu imeniletea faida gani?

Watumishi hao walikuwa watu weusi, na tajiri wao alikuwa kampuni ya Pullman. Walitandika vitanda, wakachukua mizigo, wakang'arisha viatu vya abiria. Saa zao za kazi zilikuwa karibu 400 kwa mwezi, na mshahara ulikuwa haba hata wakategemea bakshishi. Abiria wengi hawakuuliza majina yao. Waliwaita wote "George", kwa jina la George Pullman aliyeanzisha kampuni, kama mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la bwana wake.

Tarehe 25 Agosti, 1925, walikutana Harlem, New York, wakaunda chama, na A. Philip Randolph akawa kiongozi. Yeye alikuwa mwenye gazeti, basi kampuni haikuweza kumfukuza kazi. Lakini wanachama iliweza kuwafukuza, tena ilikuwa na wapelelezi. Kwa hiyo ada zilikusanywa kwa siri, na wake zao walisaidia sana. Huko Washington, Bibi Rosina Tucker alizunguka nyumba kwa nyumba akipokea fedha. Mume wake alipoondolewa kazini kwa ajili hiyo, bibi huyo alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akasema naye pasipo woga, na mume akarudishiwa kazi yake.

Mwaka 1928 chama kilitangaza mgomo, kisha kikauahirisha, maana kampuni ilikuwa imekwisha kuweka tayari watu wa kushika nafasi zao. Hapo wengi walikata tamaa. Wanachama waliokuwa maelfu walipungua, hata mwaka 1933 hawakufika 700. Siwalaumu walioondoka, mwenye watoto wenye njaa ana haki ya kuhesabu senti zake. Lakini tazameni yaliyofuata.

Mwaka 1934 sheria ya reli ilibadilishwa, ikawapa watumishi hao haki ya kuchagua wenyewe chama cha kuwasemea. Mwaka 1935 walipiga kura, wakakichagua chama cha Randolph. Na tarehe 25 Agosti, 1937, miaka 12 kamili tangu kuanza, kampuni ilitia sahihi mkataba: saa zikapunguzwa kuwa 240 kwa mwezi, na mishahara ikaongezwa.

Kama wale wachache wangaliondoka nao, sheria ile ingalikuta nyumba tupu. Ada walizotoa katika miaka ya dhiki hazikuongeza hata senti moja katika mishahara yao wakati ule. Zilikiweka chama hai mpaka siku yake ilipofika. Mkulima naye, hata mwaka wa njaa, hali mbegu zake zote.

Nimekwisha kusema. Mweka hazina wetu ameketi pale mlangoni na daftari lake.