Nafsi ya Pili na Hatima ya Kazi ya Sanaa: Upokezi wa Albamu ya Marvin Gaye, Here, My Dear



Mhadhara huu unahusu upokezi, yaani namna hadhira inavyoipokea kazi ya sanaa inapotolewa, na namna hukumu ya awali inavyoweza kutenguliwa baadaye. Mfano uliochaguliwa ni Here, My Dear, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Marvin Gaye, iliyotolewa Desemba 1978. Huenda ikaulizwa muziki wa soul una nasaba gani na taaluma za Kiswahili. Jibu ni kwamba suala lililomo katika albamu hiyo ni la kisarufi kabla halijawa la kimuziki: nani anaambiwa, na nani anasikia?

Gaye alimwoa Anna Gordy, dada yake Berry Gordy aliyeasisi kampuni ya Motown, mwaka 1963. Talaka yao ilikamilika mwaka 1977. Katika mapatano, ilikubaliwa kwamba Anna angelipwa jumla ya dola 600,000 kutokana na malipo ya awali na mapato ya albamu ambayo Gaye angeitoa. Hivyo deni ndilo lililozaa sanaa. Inaelezwa kwamba mwanzoni Gaye alidhamiria kulipua kazi hiyo, kwa kuwa tunda lake lisingekuwa lake. Badala yake, alitunga albamu ya santuri mbili kuhusu ndoa yenyewe, tangu mahaba hadi mahakamani.

Mapokezi yalikuwa baridi. Albamu haikuvuka nafasi ya 26 katika orodha kuu ya jarida la Billboard, ilhali mwaka mmoja tu kabla, wimbo wake Got to Give It Up ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza. Wahakiki wengi waliiona kuwa ndefu, chungu, na yenye kuanika mambo ya ndani yasiyowahusu wengine.

Mwaka 1967, Hans Robert Jauss wa Chuo Kikuu cha Konstanz alifafanua dhana ya upeo wa matarajio: msomaji huipima kazi mpya kwa kanuni alizokwisha kuzizoea. Wanafunzi wa Kiswahili wanaijua hali hiyo. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo waliipima kwa mizani ya vina na mizani wakaiona imepungua. Leo diwani hiyo ni nguzo ya somo la ushairi. Vivyo hivyo, hadhira ya 1978 ilitarajia kutoka kwa Gaye nyimbo za mapenzi au za kucheza. Ililetewa shauri la talaka.

Hata hivyo, upeo wa matarajio peke yake hautoshelezi. Tuutazame wimbo wenye anwani When Did You Stop Loving Me, When Did You Stop Loving You, unaojitokeza mara tatu katika albamu. Sehemu ya kwanza yafasirika kwa urahisi: uliacha lini kunipenda. Sehemu ya pili inamtega mfasiri. Kiswahili hakikubali *uliacha kukupenda. Mtenda na mtendwa wakiwa mtu mmoja, kiambishi rejeshi -ji- ni cha lazima: uliacha lini kujipenda. Kiingereza nacho kwa kawaida hudai umbo rejeshi, lakini mtunzi amelikwepa. Kwa kulikwepa, amemgawa anayeambiwa kuwa watu wawili, na ameacha pengo: yawezekana huyo wa pili ni mwimbaji mwenyewe, akijibiwa kwa swali lake.

Pengo hilo ndilo siri ya maisha marefu ya albamu. Mpenzi wa taarab analielewa vyema. Wimbo hutungwa kwa ajili ya mtu fulani, lakini ukumbini mwanamke huinuka kwenda kutunza kwa sababu ubeti umemfaa yeye na hasimu wake. Nafsi ya pili ni kiti. Anayeinuka akaondoka humpisha mwingine. Wasikilizaji wa 1978 walimjua aliyeketi, wakajiona wadukuzi. Waliokuja baadaye walikikuta kiti kitupu.

Gaye aliuawa mwaka 1984. Mwaka uliofuata, wasifu wake ulioandikwa na David Ritz uliwapa wasomaji njia mpya ya kuielewa kazi hiyo. Albamu ilitolewa upya mwaka 1994, na toleo lililopanuliwa likafuata mwaka 2008. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliiingiza katika orodha yake ya albamu 500 bora.

Hapa tahadhari yahitajika. Kutengua hukumu dhidi ya msanii si kutoa hukumu dhidi ya aliyeimbwa. Anna Gordy, aliyefariki mwaka 2014, hakuwa kivuli cha mumewe: alikuwa mtunzi, na ni miongoni mwa walioandika Baby, I'm for Real ya kundi la The Originals. Katika santuri zile mbili, anaulizwa maswali mengi na hapewa nafasi ya kujibu hata moja. Mhakiki anayeisifu albamu kwa ukweli wake hana budi kukumbuka kuwa ni ukweli wa upande mmoja.

Basi mwanafunzi wa fasihi, akutanapo na kazi iliyopuuzwa, asitosheke kuuliza kama ni nzuri. Aulize pia ilimsemesha nani, na ni nani aliyenyimwa zamu ya kusema.