Mbegu ya Zamani Itakwenda Wapi?
Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi kuhusu Zao la Mtama



Kila mara chama cha msingi kinapopokea magunia ya mbegu bora ya mtama, swali moja husahauliwa mkutanoni: mbegu ya zamani itakwenda wapi? Mara nyingi huishia chunguni au katika pombe, na baada ya misimu michache hata jina lake halikumbukwi. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote la chama, nayo ni kubwa.

Mtama ni zao la Afrika. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita pande za Sudan na Ethiopia, na tangu hapo kila mkulima amechagua masuke kwa haja yake. Aliyesumbuliwa na ndege alipenda punje nyekundu zilizo chungu. Mwenye mvua fupi alipenda mtama unaowahi. Katika taasisi ya ICRISAT, Patancheru, nchini India, iliyoanzishwa mwaka 1972, zimehifadhiwa sampuli za mtama zaidi ya 40,000. Nyingi kati ya hizo zilitoka kwa wakulima.

Faida yake yaonekana wazi katika habari ya kiduha. Mmea mmoja wa gugu hili hutoa mbegu makumi elfu, laini kama vumbi, ambazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Haziamki mpaka zionje umajimaji utokao katika mzizi wa mtama au wa mahindi. Palizi peke yake haifui dafu, kwa kuwa kiduha kinapochomoza juu ya ardhi kimekwisha kunyonya vya kutosha. Profesa Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyefanya kazi Sudan na baadaye Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alichunguza na wenzake aina nyingi za mtama, wakatambua chache ambazo mizizi yake hutoa umajimaji huo kidogo mno. Sifa hiyo ikaunganishwa na sifa ya mavuno mengi. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha mbegu mbili za ukoo huo, Hakika na Wahi, na mwaka 2009 Ejeta alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Habari nyingine ni ya Wollo, Ethiopia. Mwaka 1973 wataalamu wa Purdue walitangaza kwamba, kati ya sampuli zaidi ya 9,000 walizopima, mbili tu, zote za Ethiopia, zilikuwa na protini iliyo bora kupita kiasi cha kawaida. Wakulima wa huko waliujua mtama wa namna hiyo kwa utamu wake. Jina mojawapo waliloupa lina maana ya “maziwa kinywani mwangu.” Punje zake ni laini na hunywea, mavuno yake si mengi, kwa hiyo waliupanda kidogo tu, ukichanganyika na mtama mwingine, kisha wakauchoma ungali mbichi. Mtu mwenye haraka angeuita mtama usiofaa.

Kazi ya chama hapa si ya gharama. Halmashauri iwateue wanachama wawili au watatu, hasa kina mama wazee wanaozijua mbegu kwa majina. Masuke yachukuliwe 50 au zaidi, makubwa kwa madogo, maana anayechagua suke nono peke yake huacha nyuma sifa nyingine zote. Punje zikaushwe mpaka zilie zinapong'atwa, zichanganywe na majivu makavu, zifungwe katika chombo kisichopitisha hewa. Kila baada ya miaka miwili au mitatu zipandwe upya, mbali na mtama mwingine, kwani chavua husafiri kwa upepo.

Sampuli nyingine Bwana Shamba aweza kusaidia kuipeleka katika kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu za mimea kilichoko Arusha. Katibu aandike juu ya kila mfuko jina la mbegu kama linavyotamkwa kijijini, mahali ilipopatikana, mwezi wa kupandwa na wa kuvunwa, matumizi yake, na jina la aliyeitoa, kwa idhini yake. Mfuko usio na maandishi haya humpa mtaalamu punje tu.